Mtoto Hataki Kijiti cha Koo na Pua: Anza na Unachokiona

Saa mbili asubuhi benchi limeshajaa. Mtoto wa kwanza amejificha ndani ya buibui la mama yake, unaona viatu tu. Wa pili ametulia anakula andazi, na mimi nalitazama lile andazi kwa wasiwasi kuliko ninavyomtazama yule aliyejificha.

Kazi yangu ni kuchukua sampuli katika kituo kimoja hapa Pemba. Watoto wetu wameshazoea vipimo vingi. Mtoto wa skuli akipewa kikopo cha mkojo kwa ajili ya kichocho, au cha choo kwa ajili ya minyoo, anakwenda nacho na kurudi nacho wala haulizi. Kijiti cha koo na pua ni jambo jingine. Lakini nimegundua kwamba anayekataa mara nyingi hakikatai kijiti, maana hajakijua bado. Anakataa sindano aliyotishiwa nyumbani, au uongo aliodanganywa njiani, au mikono minne iliyomrukia kwa ghafla. Ukishajua anachokikataa, kazi imekuwa nusu. Kwa hiyo nimepanga maelezo haya kama fundi anavyokagua mashine: unaona nini, inatokana na nini, ufanye nini.

Kwanza: mtoto ambaye koo lake lisiguswe

Hili halingoji foleni. Kama mtoto ana homa kali, mate yanamchuruzika kwa sababu hawezi kumeza, anakaa ameinamia mbele huku shingo ameinyoosha, sauti imekuwa kama ya mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni, au kila akivuta pumzi unasikia mlio, usimfungue mdomo kwa nguvu na usikubali mtu amtie kibao cha kukandamizia ulimi wala kijiti. Huenda kile kifuniko cha juu ya njia ya hewa kimevimba, na kukigusa kunaweza kuifunga njia yenyewe. Muache akae vile anavyotaka kukaa, na mwende hospitali saa hiyo hiyo: Abdalla Mzee kule Mkoani, Chake Chake, Wete, au Mnazi Mmoja kwa walioko Unguja, iliyo karibu nawe.

Mwambie mpimaji pia kama mtoto ana ugonjwa wa damu kutoganda, kama ameumia pua karibuni, au kama pua inatoa uchafu wenye harufu mbaya upande mmoja tu. Huo wa upande mmoja mara nyingi ni mbegu ya ubuyu, shanga au punje ya mahindi iliyotiwa siku nyingi na mwenyewe ameshasahau. Kijiti kitaisukuma ndani zaidi. Itolewe kwanza.

Kijiti chenyewe

Urefu wake unakaribia wa penseli, na kichwani kina nyuzi laini. Cha koo ni kigumu kidogo. Kinasugua mafindofindo yote mawili na ukuta wa nyuma wa koo, kama sekunde tano, basi. Cha pua ni chembamba sana na ukikipinda kinapindika. Kinapita chini chini, sambamba na kaakaa, mpaka pale pua inapokutana na koo, kinakaa sekunde chache, kinazungushwa, kinatoka. Kipo pia kipimo cha mbele ya pua tu, ambacho hakiingii ndani sana. Si kila ugonjwa unapimwa hivyo, lakini kuuliza si vibaya.

Daktari anakitaka cha koo hasa akishuku bakteria aina ya streptokoki wa kundi A, au dondakoo. Cha pua ni kwa mafua makali, korona, kifaduro na mengine ya namna hiyo. Wazazi huniambia, "Si atupe dawa tu, tumalize?" Koo nyingi za watoto zinauma kwa sababu ya virusi, na antibayotiki haina kazi hapo. Lakini ikiwa ni streptokoki, hasa kwa mtoto wa miaka 5 hadi 15, dawa ina kazi kubwa: ikianza ndani ya siku 9 tangu koo lianze kuuma, inamkinga na homa ya rumatiki, ile inayokuja baadaye kuharibu valvu za moyo. Tukitaka kuwatenganisha hawa wawili bila kubahatisha, kijiti ndicho kinachotuambia.

Unachokiona: amekaza meno, hafungui mdomo

Hii ndiyo inayonijia zaidi, na sababu zake ni nyingi kuliko nyingine zote.

Sababu ya kwanza ni sindano. Tangu mtoto ana miaka miwili akivunja kikombe anaambiwa, "Nitakupeleka kwa daktari ukapigwe sindano." Leo umemleta kwa daktari. Yeye anahesabu makosa yake. Wapo wanaoniuliza kabla sijawagusa, "Nimefanya nini?" Dawa ya hili ni kumuonesha mikono mitupu. Mimi hufungua droo nikamwambia atafute sindano mwenyewe. Haipo, kwa sababu sindano zinakaa chumba kingine, na hilo ni la kweli. Akimaliza kutafuta, mdomo wenyewe hulegea kidogo. Mzazi naye aseme waziwazi: "Mwanangu, hukukosea kitu. Tumekuja kwa sababu koo linakuuma." Kama anatakiwa pia kutolewa damu siku hiyo, usimfiche. Muulize mpimaji mambo hayo yapangwe vipi, lakini usiape kwamba hakuna sindano halafu ikatokea.

Sababu ya pili ni uongo wa njiani. "Tunakwenda Chake kununua viatu." Gari limesimama, viatu havipo, kuna harufu ya spiriti. Hapo mtoto hana tena sababu ya kuamini neno lolote, hata la kweli. Hakuna njia ya mkato: chuchumaa uwe sawa naye, mwambie, "Nilikudanganya, nisamehe. Hapa unapimwa koo, na baada ya hapa tunakwenda." Wazazi wanaona haya kumuomba radhi mtoto mbele za watu. Nimeona ikifanya kazi mara nyingi kuliko pipi.

Sababu ya tatu ni kimio, na hapa nitakaa kidogo.

Kimio ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo. Kwetu visiwani, kama kule bara, bado kuna wanaoamini kikohozi kisichoisha kinaletwa na kimio kirefu, na wapo wa kukikata. Kukikata hakuponyi kikohozi. Kunaleta damu nyingi, kidonda kuoza, hata pepopunda. Lakini mtoto hajui ubishi huo wa wakubwa. Yeye amelala mkekani, anasikia bibi yake anasema, "Huyu kikohozi chake kimio, akatwe." Siku ya pili anatokea mtu mwenye tochi anamwambia afungue mdomo aangaliwe koo.

Alikuja kijana wa miaka sita, na bibi yake. Alikuwa amejifunika mdomo kwa mikono yote miwili, kidole juu ya kidole, na macho amenitolea mimi. Nikamuuliza unaogopa nini. Akajibu kwa ndani ya viganja, "Unikate."

Nikamwamkia bibi, "Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Mimi nilisema kimio tu, sikusema kama wewe utamkata."

Nikachukua kioo kidogo na tochi nikampa mtoto tochi ashike mwenyewe. Nikafungua mdomo wangu mimi kwanza, akanimulika. "Unakiona kinaning'inia? Na wewe unacho. Kitabaki hapo hapo." Kisha nikamwambia amulike chake kwenye kioo. Alikitazama muda mrefu, akasema "aaa" akakiona kinapanda, akacheka. Nikamuonesha kijiti hakina makali, nikampitishia nyuma ya mkono wake. Kipimo kilichukua muda mfupi kuliko maongezi. Bibi naye aliomba tochi ajiangalie.

Hofu ya namna hii huitambui kwa kumuuliza mtoto "unaogopa?" Atatikisa kichwa tu. Uliza, "Unadhani nitafanya nini?" Hapo atakwambia.

Unachokiona: mdomo umefunguka, ulimi umepanda

Hapa mtoto hakatai. Ulimi una akili yake, ukiona kitu kinakuja unakwenda kukizuia. Usimgombeze. Mwambie atoe ulimi nje kama anajaribu kuramba kidevu, kisha aseme "aaa" ndefu, ya juu. Wengine wanafanya vizuri zaidi wakiambiwa wapige miayo. Kibao cha kukandamizia ulimi kikitumika, kikae sehemu ya mbele na ya kati tu. Kikifika nyuma, utakutana na tatizo linalofuata.

Unachokiona: anakokomoka, anataka kutapika

Andazi. Ndiyo maana nililitazama vile. Mtoto aliyekula sasa hivi, akiguswa nyuma ya koo, anarudisha kila kitu, na baada ya hapo hatafungua mdomo tena wiki nzima. Mpe chakula mapema, au baada ya kipimo. Kati ya chakula na kijiti ipite saa moja na nusu au mbili. Maji kidogo hayana neno. Mtoto anayenyonya naye anyonyeshwe baadaye: kumnyonyesha pale pale mlangoni kabla ya kuingia ni kuomba kutapikiwa, lakini titi baada ya kipimo linanyamazisha kilio haraka kuliko kitu chochote nilichowahi kukiona.

Sababu nyingine ni mwendo wa pole pole. Mpimaji mwenye huruma sana anakwenda taratibu, anagusa ulimi, anagusa kimio, anasita. Kila anapogusa, koo linajikunja. Kijiti kiingie bila kugusa ulimi wala meno, kifike kwenye mafindofindo, kisugue, kitoke.

Kuna hila moja ninayoipenda. Mwambie mtoto ahemee mdomoni kama aliyekula urojo wenye pilipili nyingi: haa, haa, haa, haraka haraka. Mtoto wa Zanzibar huhitaji kumfundisha hilo. Akihema vile, koo linapungua kukereka, na mdomo unabaki wazi. Au akaze vidole vya miguu ndani ya kiatu kwa nguvu zote wakati wa kipimo. Akili inakwenda kule.

Akikokomoka bila kutapika, si hatari. Mwache akohoe, anywe maji kidogo, mjaribu tena.

Unachokiona: kichwa kinarudi nyuma

Hiki ni cha pua. Kijiti kinagusa tu mlango wa pua, kichwa kimeshaondoka. Mtu mzima pia hufanya hivyo, mwili unajitetea. Kichwa kinahitaji mahali pa kuegemea, na mahali pazuri ni kifua cha mama, baba, dada, yeyote aliyemleta.

Mpakate hivi. Kaa kwenye kiti kisichotikisika, mgongo wako umeegemea. Mkalishe mtoto mapajani, uso wake kwa mpimaji, mgongo wake kifuani kwako. Miguu yake ibane katikati ya mapaja yako ili asipige teke. Mkono wako mmoja upite juu ya mikono yake yote miwili, kama unamkumbatia. Kiganja cha mkono wa pili kiweke juu ya paji la uso, ukiegemeze kichwa kwenye bega lako. Usikamue, shika tu kisirudi. Kisha mdomo wako uwe karibu na sikio lake, maana sauti yako ndiyo itakayofanya kazi kubwa.

Mtoto wa chini ya miaka mitatu, mfunge kanga. Ikunje mara mbili, ipitishe juu ya mikono yake, uizungushe kama unavyomfunga aliyezaliwa juzi. Wengi hutulia kwa kile kubanwa tu.

Nisichokitaka ni kumlaza mtoto chali watu wanne wakamshika kila mmoja kiungo chake. Nimeyafanya hayo nilipokuwa mpya, naona aibu kuyasema. Sampuli ilipatikana. Lakini mtoto yule alirudi baada ya miezi kwa jambo jingine kabisa, na alipoona lango la kituo tu alianza kutetemeka. Mtoto akipigana kweli kweli, achwe apumzike, atoke nje aone mbuzi, arudi. Mkishajaribu mara mbili imeshindikana, jaribuni saa nyingine au siku nyingine, isipokuwa daktari amesema kipimo hakiwezi kungoja.

Unachokiona: kijiti kinakwama puani

Mara nyingi kimeelekezwa juu, kuelekea machoni, badala ya kwenda nyuma kuelekea sikioni. Pua kwa nje inapanda, kwa ndani njia ni ya kulala. Wewe mzazi unaweza kuliona hilo: kijiti kikiwa kinaelekea juu, sema kwa adabu, "Daktari, hebu kishushe kidogo." Hakuna ubaya.

Kama mwelekeo ni sawa na bado kinagoma, huenda ukuta wa katikati ya pua umepinda upande huo, au kuna nyama zilizovimba nyuma. Wajaribu tundu ya pili. Kisisukumwe. Na kabla ya yote mtoto apenge kamasi, maana pua iliyojaa huwa nzito kupita na sampuli yenyewe inakuwa kamasi tupu.

Machozi yatatoka, na atapiga chafya. Hayo si maumivu peke yake. Pua ikiguswa ndani, macho hutoa machozi yenyewe. Mwambie mapema, asidhani amelia. Watoto wa kiume wa miaka minane tisa wanalitaka sana neno hilo.

Unachokiona: ameuma kijiti

Wangu mwenyewe alifanya hivi. Mimi naijua kazi, mtoto ni wangu, na bado aliuma. Nilikuwa nimemuahidi kuhesabu mpaka kumi, nikafika nane nikaona sijapata vizuri upande wa kushoto, nikasema "tisa, tisa na nusu". Aliyabana meno. Alikuwa na haki.

Akiuma, usivute. Kijiti kikivutwa kinaweza kukatika, na kipande kikabaki mdomoni. Legeza mkono, kaa kimya, mwambie apumue kwa pua. Meno hayawezi kukaa yamebana muda mrefu. Yakilegea, toa. Kijiti kile kitupwe, kifunguliwe kingine, maana kimeshashika mate. Sasa kuhusu hesabu: kama umesema kumi, ni kumi. Mwambie mpimaji mapema mtahesabu mpaka ngapi, na akishindwa kumaliza, atoe, mpumzike, mkubaliane upya. Mtoto wangu sasa anahesabu mwenyewe, na anahesabu haraka mno, lakini hilo ni lake.

Unachokiona: analia tangu benchini, kabla ya kuona chochote

Tazama aliyekaa kando yake. Kilio cha kipimo kinaambukiza kuliko ugonjwa wenyewe. Mtoke nje, muulize mpimaji zamu yenu itafika lini, mkasubiri chini ya mwembe. Au kaka yake amemwambia usiku, "Kinafika ubongoni." Hakifiki. Kinaishia pua inapokutana na koo, na juu yake kuna mfupa. Mwambie hivyo hivyo, na kaka ataambiwa yake nyumbani.

Wengine wanalia kwa sababu wanaumwa, wana homa, wamechoka kwa safari ya gari kutoka Micheweni. Hapo hakuna la kufundisha. Mpakateni, mpimeni, arudi kulala.

Mtoto mkubwa asiyesema kitu

Wa miaka kumi na kuendelea hakatai kwa kelele. Anasema "sawa" na halafu hafungui mdomo. Mara nyingi ni haya: hataki kuonekana anakokomoka, au msichana hataki kuvua barakoa yake mbele ya wavulana walioko dirishani. Fungeni dirisha. Mpe nafasi ya kuchagua mambo madogo: pua ya kulia au kushoto kwanza, mama aingie au asubiri nje, ashike kioo au asishike. Ashike mwenyewe mkono wa mpimaji kama anataka kusimamisha. Akibana, mpimaji atoe. Kwa kipimo cha mbele ya pua, wengi wa umri huu wanaweza kujichukulia wenyewe huku wanaangaliwa.

Unachokiona: damu

Tone moja mbili kwenye kijiti cha pua si ajabu, hasa pua ikiwa kavu kwa mafua. Ikitiririka, mtoto akae wima ainame mbele kidogo, umbane sehemu laini ya pua, chini ya mfupa, dakika kumi bila kufungua kuangalia. Tabia yetu ya kumuinamisha kichwa nyuma inaipeleka damu kooni, akaimeza, akaitapika, na nyumba nzima ikapata kiwewe. Ikipita dakika ishirini bado inatoka, arudi kwa daktari.

Matokeo yamekuja: sampuli irudiwe

Hili linauma kuliko kijiti. Sababu ya kawaida ni kwamba kilichosuguliwa ni ulimi na mate, mafindofindo hayakuguswa, kwa sababu mtoto alikuwa anapigana na kila mtu alitaka amalize. Sababu ya pili inatoka nyumbani: mtoto ameshapewa vidonge viwili vitatu vya antibayotiki vilivyobaki kabatini. Bakteria wamepungua, kipimo hakioni kitu, koo bado linauma. Kama amekunywa dawa yoyote, sema kabla ya kipimo. Hakuna atakayekusuta, na kama yupo, mimi sipo pamoja naye. Hata dawa ya kusukutulia koo isitumike asubuhi ile.

Sababu ya tatu ni safari ya sampuli. Ya virusi inatakiwa ikae kwenye ubaridi, nyuzi 2 hadi 8, njia nzima. Hilo si jukumu lako, ila unaweza kuuliza majibu yatachukua muda gani. Kipimo cha haraka cha streptokoki kinatoa jibu chini ya nusu saa. Cha kuotesha bakteria kinachukua siku moja au mbili.

Akirudi mara ya pili, usianze na "leo usinitie aibu". Muulize mara ile kibaya zaidi kilikuwa nini. Jibu lake ndilo mpango wenu wa leo. Mmoja aliniambia kibaya zaidi ilikuwa glavu zangu, zina harufu ya mpira. Nikavaa nyingine, za kampuni tofauti. Akafungua mdomo.

Kuzoeza nyumbani, jioni ya kabla

Tochi, kioo, na mwanasesere au dada mdogo wa kujifanya mgonjwa. Mtoto awe daktari kwanza. Aseme "fungua, aaa", ahesabu mpaka tano, aseme "basi, umemaliza". Kisha mbadilishane. Msitie kitu chochote puani wala kooni kwa mazoezi, hata kijiti cha masikio. Pamba yake inachomoka. Kumulika na kuhesabu kunatosha.

Usimwambie "haitauma". Mwambie kitu anachoweza kukihakiki: "Koo litakereka kama umepaliwa. Pua itawasha mpaka machozi yatoke. Nitahesabu mpaka kumi, halafu kimetoka."

Mkishatoka

Koo linaweza kuwasha saa chache, pua ikawa nyepesi na ya kuwasha. Kitu baridi kinasaidia. Barafu ya ubuyu imefanya kazi nzuri sana nje ya kituo chetu. Akilia, alie. Usimsifu kwa kutolia, maana aliyelia na kukaa kitako amefanya kazi ngumu zaidi; msifu kwa kukaa, kwa kufungua mdomo, kwa kuhesabu.

Na ukiwa umemuahidi viatu, mkanunue viatu. Yule kijana wa kimio hakuahidiwa kitu. Aliomba kibao cha ulimi, kile kipya ambacho hakikutumika, nikampa. Bibi yake ameniambia ndicho anachopimia koo la paka.